Sambusa za Viazi

Msicheke kumwona karani akinena habari za jiko. Viazi ulaya vyastawi katika miteremko yetu ya Kilimanjaro, navyo vyafaa sana kwa sambusa.

Kwanza, chagueni kwa uangalifu. Kiazi kilichokaa juani kikageuka kijani kina sumu, wala kukipika hakuondoi sumu hiyo, msiwape watoto. Vilivyo vizuri vichemsheni, vimenyeni, mviponde pamoja na chumvi, kitunguu na pilipili.

Pili, ngojeni vipoe na kukauka. Mimi nilijaza viazi vya moto; mvuke ukalegeza manda, sambusa zote zikapasuka katika mafuta, nami nikaona haya mbele ya wageni.

Tatu, kandeni unga wa ngano kwa maji na chumvi, msukume chapati nyembamba, mzipashe kidogo katika kikaango kikavu. Hizo ndizo manda. Zikateni, zikunjeni pembe tatu, jazeni kiasi, mzibe kwa uji mzito wa unga. Kaangeni katika mafuta ya moto mpaka ziwe rangi ya dhahabu.

Naye auzaye sokoni Moshi na akumbuke: mnunuzi hakioni kiazi kilichomo ndani, humwamini mpishi tu.