Asili ya Mtu na Mji Alioutumikia



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nimetakiwa niseme machache juu ya watu mashuhuri na miji ya asili yao. Nimelipokea jambo hili kwa furaha, kwani katika mitaa yetu ya Bujumbura, na hasa Buyenzi, neno la asili halikauki midomoni. Huyu huitwa mtu wa Ujiji, yule wa Manyema, na mwingine wa pwani. Kuijua asili si aibu. Aibu ni kuifanya asili kuwa ukuta wa kumzuilia mtu mihirabu ya msikiti au kiti cha jumuiya.

Na tuwatazame waliotutangulia. Sayyid Ahmad bin Sumeit alizaliwa Itsandraa, kisiwani Ngazija, mwaka 1861. Baba yake asili yake ni Shibam, Hadhramaut. Lakini ukadhi aliufanya Unguja, na huko ndiko alikofia mwaka 1925. Swahiba yake, Sheikh Abdallah Bakathir, alikuwa mzaliwa wa Lamu. Madrasa yake ikawa Ukutani, Unguja, naye akaiaga dunia mwaka ule ule. Mmoja wa Ngazija, mmoja wa Lamu, na Unguja ikanufaika na wote wawili.

Habib Saleh bin Alawi Jamalilel naye alitoka Ngazija, akafika Lamu katika ujana wake. Alikuwa sharifu, mtu mwenye nasaba ya kujivunia; wala nasaba hiyo hakuifanya ngazi ya kuwapandia wenziwe. Aliwafundisha dini wanyonge, watumwa na watoto wa watumwa, na jambo hilo likawachukiza baadhi ya wakubwa wa mji waliodhani kuwa elimu ni mali ya nyumba zao. Yeye hakuacha. Pande za Langoni ukasimama Msikiti wa Riyadha na madrasa yake, na wanafunzi wakaenea Afrika ya Mashariki. Alifariki mwaka 1935. Hata leo Maulidi ya Lamu huwakusanya watu wa nchi nyingi, na mji alioingia mgeni hautajwi bila ya jina lake.

Na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1912, alishika ukadhi mkuu wa Kenya mwaka 1968, akafariki Oman mwaka 1982. Tafsiri yake ya Qurani nzima ilitoka mwaka 1969, ikaingia majumbani mwa watu wasioujua hata mtaa aliozaliwa.

Wala msifahamu kuwa asili haina maana. Ibn Sumeit alianza kusoma kwa baba yake. Bakathir aliianza elimu yake Lamu. Wahenga wamesema: mwacha asili ni mtumwa. Nao hao wakasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hizi mbili hazipingani. Ya kwanza humwambia mtu asisahau alichopewa kwao. Ya pili humwambia mwenyeji amwache mgeni akitoe alicho nacho. Mtume wetu mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alizaliwa Makka, akahamia Madina mwaka 622, na Madina ndiko liliko kaburi lake.

Basi tunapomchagua imamu, mwalimu au katibu, tuulize kwanza elimu yake na uaminifu wake. Suali la kwao ni wapi tuliweke kwa wakati wa kujuana, kama tulivyofunzwa katika Sura ya Hujurat. Na nyinyi vijana, waendeeni wazee wenu, muandike walikotoka na walichokijenga hapa, kabla midomo hiyo haijafumbwa.

Mwenyezi Mungu aziunganishe nyoyo zetu. Wabillahi tawfiq.