Kidole cha Adamu: Mafundisho ya Mlango wa Shaba wa Hildesheim
Hotuba katika maadhimisho ya miaka mia moja ya Usharika



Yako makanisa yanayoogopa sanamu. Martin Luther alipokuta watu wa Wittenberg wakiziondoa picha makanisani kwa nguvu, alihubiri mfululizo mwezi Machi 1522 akiwafundisha kwamba picha si lazima kwa wokovu, wala si haramu, ilimradi isiabudiwe. Na Biblia yake kamili ilipochapwa mwaka 1534, kitabu cha Mwanzo kilitanguliwa na picha ya uumbaji. Kwa hiyo Mkristo anaweza kujifunza kwa jicho pamoja na sikio.

Katika Kanisa Kuu la Hildesheim, Ujerumani, kuna mlango wa shaba uliotengenezwa mwaka 1015 kwa agizo la Askofu Bernward. Una mabawa mawili, kila moja likiwa na urefu wa karibu meta 5, nalo limesubiwa kwa mara moja kama kipande kimoja. Bawa la kushoto lina picha nane za kitabu cha Mwanzo, zinazosomwa kutoka juu kwenda chini: zaanza na uumbaji, zaishia Kaini anapomwua Abeli. Bawa la kulia lina picha nane za Bwana Yesu, nazo husomwa kutoka chini kwenda juu. Upande mmoja mwanadamu anashuka. Upande wa pili Kristo anampandisha.

Watu wa picha hizo wamejitokeza kwa namna ya pekee. Vichwa na mabega yao yameinama mbele hata kukaribia kuachana na mlango, bali miguu imeshikwa na shaba ile ile waliyotoka. Hivyo ndivyo Maandiko yanavyomfundisha mtu juu ya asili yake: ametwaliwa katika mavumbi ya ardhi, akapewa pumzi, wala ardhi haijamwachia.

Picha ya nne ndiyo inayogusa zaidi. Mungu anamnyoshea Adamu kidole. Adamu, akiwa amejikunja kwa aibu, anamwonyesha Hawa. Hawa naye anamwonyesha nyoka aliye chini. Lawama inapita kutoka mkono hadi mkono, na hakuna anayeibakiza kwake. Lakini mkabala wake, katika bawa la pili, Bwana Yesu amesimama mbele ya Pilato. Yeye asiye na hatia hamnyoshei mtu kidole.

Somo hili linaihusu nchi ya Meru. Mwezi Oktoba 1896, huko Akeri, wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock wa Misioni ya Leipzig waliuawa na wapiganaji wa Kiarusha na Kimeru. Baadaye jeshi la Kijerumani chini ya Kapteni Johannes lilikuja kulipiza kisasi. Watu wengi waliuawa na mifugo ikatekwa. Tangu hapo historia hiyo imesimuliwa kwa vidole. Wengine wamewataja wapiganaji tu, na kuwaombolezea wamisionari wawili peke yao. Wengine wamelitaja jeshi tu. Wengine wamesema Injili ilikuja pamoja na bunduki, wakaishia hapo. Kila kidole kina jambo la kweli kinaloonyesha, lakini udongo wa Meru ulipokea damu ya pande zote.

Mlango wa Hildesheim hauifichi damu. Picha ya mwisho chini kushoto ni mauaji ya Abeli. Na ni hapo hapo, mkabala wa damu hiyo, panapoanza habari ya Kristo: malaika anampasha Mariamu habari. Neno linaingia ulimwenguni mahali pa chini kabisa. Ndivyo ilivyokuwa hapa. Mwaka 1902 wamisionari walirudi na kufungua kituo Nkoaranga, na mwaka 1904 kazi ikaanza kati ya Waarusha. Wajukuu wa waliouana wamebatizwa kwa maji yale yale na kushiriki meza moja.

Wachongaji wa Kimakonde, ambao kazi zao huuzwa hata mjini Arusha, huchonga gogo moja la mpingo likawa nguzo ya watu wengi waliobebana, mzee na mtoto, bila kiungo hata kimoja. Katika nguzo hiyo mikono hushikana na kuinuana. Huo ndio mkono unaotakiwa kwa Usharika katika karne yake ya pili. Majina ya wafu wa 1896 na yasomwe pamoja, ya wageni na ya wenyeji kadiri wazee wanavyoyakumbuka, katika sala moja, na asiwepo wa kumnyoshea mwenzake kidole.

Mungu wa neema awabariki. Amina.