Mjumbe ni Yule Anayerudi

Maneno haya yalisemwa na Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya wawakilishi waliochaguliwa na vikundi vyao kuhudhuria vikao vya Kamati ya Maendeleo ya Kata. Tunayachapa kwa manufaa ya wakazi wote.



Nimeombwa nieleze kazi ya mwakilishi wa kikundi katika Kamati ya Maendeleo ya Kata. Naomba nianze na jambo ambalo huenda halitawafurahisha: ninyi hamna kura. Kamati hii imeundwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287. Mwenyekiti wake ni Diwani, katibu wake ni Mtendaji wa Kata, na wenyeviti wa vijiji vyote vya kata ni wajumbe. Sheria hiyo hiyo inairuhusu kamati kuwaalika watu kutoka asasi na vikundi vinavyojishughulisha na maendeleo ya kata, ila waalikwa hao hawapigi kura.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa hatupigi kura, wala hatulipwi, na nauli ya bodaboda tunaitoa mfukoni mwetu, tunakwenda kikaoni kufanya nini?

Nitajibu kwa jambo nililoliona mwenyewe. Katika kata moja ya wilaya yetu, kamati ilikuwa ikijadili mahali pa kupendekeza kilula kipya cha maji. Mwakilishi wa kikundi cha wanawake alisimama akiwa na daftari la shule. Hakulalamika wala hakumshutumu mtu. Alisoma majina ya kaya za kitongoji chao, moja baada ya nyingine, akataja kisima wanachotegemea, miezi ambayo kisima hicho hukauka, na saa ambayo mama wa kila kaya huamka kwenda kuchota. Alipoketi, mwenyekiti wa kijiji cha jirani, ambaye alikuja akitetea kijiji chake, aliomba alione lile daftari. Alilisoma kimya, kisha akasema kwamba kwa haki, kitongoji kile kitangulie. Mama yule hakuwa na kura, lakini alikuja na jambo ambalo wenye kura hawakuwa nalo.

Sasa nieleze upande wa pili, na hapa lawama nabeba mimi pia. Mnajua kwamba Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilitokea tangazo la maombi likasomwa katika kikao cha kata. Mwakilishi wa kikundi kimoja cha vijana alikuwepo, akasikia, akarudi nyumbani, akanyamaza. Mimi kwa upande wangu nililibandika tangazo kwenye ubao wa ofisi ya kata na kuhesabu kazi yangu imekwisha. Vijana wale walipata habari muda wa maombi ukiwa umepita. Walikuwa na kikundi kilichosajiliwa na walikuwa na shughuli ya kufanya. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia.

Wazee wetu walisema mjumbe hauawi. Walimlinda kwa sababu walimtegemea: aliondoka na neno la watu wake, akarudi na jibu. Mjumbe asiyerudi huwaacha waliomtuma gizani.

Kwa hiyo nawaomba mshike mambo manne.

La kwanza, kabla ya kikao keti na kikundi chako. Uliza, sikiliza, andika. Usiende kusema la moyoni mwako ukaliita la wote.

La pili, jueni kila jambo linakwenda kwa nani. Shule za msingi na sekondari za serikali, zahanati na vituo vya afya viko chini ya Halmashauri. Barabara nyingi za vijijini ziko mikononi mwa TARURA. Maji ya vijijini yanasimamiwa na RUWASA, na uendeshaji wa kila siku hufanywa na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Kamati ya kata haiwezi kuamuru yote, ila inaweza kulipeleka jambo panapostahili likiwa limeandikwa vizuri.

La tatu, angalieni kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini Bunge la bajeti huanza Aprili, na kabla ya hapo mipango imekwisha kupita vijijini, katika kata, katika kamati za Halmashauri na Baraza la Madiwani, kisha mkoani. Anayeleta ombi la darasa mwezi Mei kwa bajeti ya Julai amekuja sokoni jua limezama. Semeni mapema, mipango ikiwa bado iko vijijini.

La nne, na ndilo kubwa, rudini. Wiki moja baada ya kikao isipite kabla hujawaeleza wenzako lililosemwa, lililoamuliwa, lililokataliwa na sababu ya kukataliwa. Hata jibu la "hapana" ni mali ya waliokutuma, usiwafiche. Ukiona huwezi tena kuhudhuria, mwambie Mtendaji na kikundi chako kimteue mwingine. Hakuna aibu katika kupokezana mzigo. Aibu ni kukikalia kiti huku wenzako hawana habari.

Ndugu wananchi mtakaosoma maneno haya, ninyi pia mna wajibu. Mjue anayewawakilisha. Mumuulize alichosikia. Tena msisahau kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na hapo kura mnayo.

Kwa upande wangu, naahidi kwamba matangazo ya mikopo hayataishia ubaoni. Yatachapwa katika jarida hili, yatasomwa sokoni siku ya gulio, na nakala itakabidhiwa kwa kila mmoja wenu aliye hapa. Mkiona sikutimiza, njooni ofisini mniulize.

Kazi iendelee.