Kuhama Windows Bila Kukwamisha Ofisi: Programu Zilizozoeleka Ndani ya Linux

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya maafisa TEHAMA wa vyuo

1.0 Utangulizi

Nimeombwa nieleze namna ya kubadili mfumo endeshi huku watumishi wakiendelea na programu walizozizoea. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, ambazo kompyuta nyingi za maabara zetu hazina. Maoni yaliyomo humu ni ya mtoa mada, si msimamo wa chuo.

2.0 Istilahi

Mfumo endeshi husimamia vifaa vya kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Linux ni mfumo huria. Hayo tunayafahamu sote.

3.0 Njia zilizopo

Njia ni nne: kutumia programu mbadala kama LibreOffice, kuendesha programu za Windows kupitia Wine, kuweka Windows ndani ya mashine pepe, kwa mfano VirtualBox, au kuweka mifumo miwili kwenye kompyuta moja na kuchagua wakati wa kuwasha.

4.0 Tatizo lenyewe: ofisi ya uhasibu

Mhadhiri hasumbui. Anaandika, anasoma barua pepe, anaonyesha slaidi; baada ya siku chache ameshazoea. Shughuli inaanzia kwa mhasibu. Pale kuna faili la Excel la ada, lililoundwa na mtumishi aliyekwisha kuhamishwa, limejaa makro ambazo hakuna anayejua zinafanyaje kazi, ila zikigoma stakabadhi hazitoki. LibreOffice inazielewa baadhi ya makro hizo, si zote. Pembeni kuna kanzidata ya Access ya usajili: majedwali yake yanahamishika, lakini fomu na ripoti inabidi zitengenezwe upya.

Kisha ipo programu ya mishahara isiyofunguka mpaka uchomeke kidude cha USB cha leseni. Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, hupokea maombi ya programu ya Windows na kuyageuza yawe yale ambayo Linux inayaelewa. Haikuundwa kuendesha draiva za vifaa za Windows, na kidude kile mara nyingi kinategemea draiva. Hapo tunakimbilia mashine pepe. Inafanya kazi, lakini kompyuta yenye RAM ya GB 4 inaelemewa na mifumo miwili kwa pamoja, na leseni ya Windows bado inahitajika. Tukiweka humo Windows ileile isiyopata masasisho, tumemhamishia mgonjwa chumba cha ndani tu.

Tatizo hili si letu pekee. Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua kuhamia Linux mwaka 2003. Lilihamisha kompyuta karibu 15,000, na likalazimika kuandika programu yake, WollMux, ili violezo vya barua za ofisi vifanye kazi. Mwaka 2017 baraza likaamua kurudi Windows. Siasa ilikuwamo, lakini malalamiko ya watumishi kuhusu programu na nyaraka nayo yalikuwamo.

Nasema kwa heshima: fungu la kompyuta mpya huombwa na hupatikana. Fungu la kumlipa mtu aliandike upya faili moja la ada sijaliona kwenye bajeti yoyote niliyoshirikishwa. Faili hilo ndilo linalotufunga kwa Windows, wala si mazoea ya watumishi.

5.0 Mapendekezo

(i) Kila chuo kiorodheshe programu zake zote, kwa kuanzia na ofisi ya uhasibu.

(ii) Programu zibadilishwe kabla ya mfumo. LibreOffice, Firefox na Thunderbird zinafanya kazi ndani ya Windows pia. Watumishi wazizoee humo kwanza.

(iii) Makro na fomu za Access ziandikwe upya, na maelezo yake yahifadhiwe ofisini, yasibaki kichwani mwa mtumishi mmoja.

(iv) Itengwe bajeti kwa ajili ya pendekezo (iii).

(v) Wine ijaribiwe kwa nakala ya data, kamwe si kwa data halisi.

(vi) Mashine pepe yenye Windows ya zamani isiunganishwe na intaneti.

(vii) Fonti ya Carlito isakinishwe. Upana wa herufi zake ni sawa na wa Calibri, hivyo mistari ya barua zinazotoka nje haitahama.

(viii) Nyaraka zisizohitaji kuhaririwa zitumwe kwa PDF.

(ix) Mikataba mipya ya programu ikatae leseni za kidude cha USB, na idai programu zinazofunguka kwa kivinjari chochote.

(x) Mhasibu ahamishwe mwisho, baada ya kufunga hesabu za mwaka.

(xi) Pendekezo (iv) lisisahauliwe.

Naomba kuwasilisha.