Bega la Barabara: Baiskeli Kwenye Njia za Kando ya Ziwa, Homa Bay na Migori

Mada iliyotayarishwa kwa semina ya maofisa wa barabara, walimu wa michezo na waendesha baiskeli



Nimeombwa kuzungumzia uendeshaji wa baiskeli kwenye barabara tambarare za kando ya ziwa, na barua ya mwaliko ilitaka nianze kwa fasili. Nitazipita upesi kwa sababu hakuna asiyezijua humu. Usafiri usio wa injini ni kwenda kwa miguu, kwa baiskeli, kwa mkokoteni au kwa mnyama. Baiskeli ya barabarani ni ile ya tairi jembamba lililojazwa upepo hadi likawa gumu, iliyoundwa kwa ajili ya lami. Hifadhi ya barabara ni ardhi yote iliyotengwa kwa barabara, mpaka hadi mpaka. Bega la barabara ni ule ukanda ulio baina ya njia ya magari na mtaro. Karibu mada yangu yote itabaki hapo kwenye bega, maana ndipo mwendesha baiskeli anapopita na ndipo anapofia.

Njia tulizo nazo

Maji ya Ziwa Victoria yako kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na barabara za ufukweni hazipandi mbali na kimo hicho. Anayetoka jijini Kisumu kupitia Ahero na Katito huingia Kendu Bay bila mlima wa maana, akapita karibu na Ziwa Simbi wanakotua heroe, kisha akashika njia ya Homa Bay huku Mlima Homa ukiwa upande wake wa kulia. Kutoka hapo kuna lami hadi Mbita, na daraja lililochukua nafasi ya tuta la zamani humvusha hadi Kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya mwaka 1969. Upande wa Migori kuna ukanda wa Karungu na Sori hadi Muhuru Bay, karibu na mpaka wa Tanzania. Barabara kuu ya A1, ipitayo Rongo, Awendo na Migori hadi Isebania, si tambarare, lakini ndiyo yenye watu wengi, kwa hiyo sitaiacha nje.

Upepo wa mchana huvuma kutoka ziwani, wa usiku huvuma kuelekea ziwani, na jua la saa sita halina huruma. Ndiyo maana vijana wa mazoezi huondoka kabla ya mapambazuko, saa ileile ambayo mama wa samaki na mwanafunzi wa kutwa nao wako njiani. Wote hawa hukutana gizani kwenye ukingo wa lami. Nikisema mwendesha baiskeli, nawahesabu wote, aliyevaa kofia ngumu na aliyebeba madumu ya maji kwenye baiskeli ya Black Mamba.

Tusisahau kwamba boda boda yenyewe ilianza kama baiskeli, kule mpakani Busia. Mnamo 2008 serikali iliziondolea kodi pikipiki ndogo, na katika miaka michache baiskeli ya abiria ikapoteza vituo vyake. Ilipoteza pia sauti. Waliobaki kwenye baiskeli ni wale ambao hakuna anayewaita kwenye mkutano wakati barabara inapopangwa.

Kuhusu michezo nitasema machache. Chris Froome, mshindi wa Tour de France mara 4, alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na alijifunza kwa mwendesha baiskeli David Kinjah kule Kikuyu. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika bara letu. Vipaji viko hapa pia. Lakini siwezi kumwambia mzazi wa Kendu Bay amruhusu mtoto wake afanye mazoezi kila asubuhi kwenye barabara isiyo na bega.

Tatizo

Kila mchoro wa barabara niliowahi kushika una bega. Ukienda mwenyewe kuona, mara nyingi hulipati, au ukilipata huwezi kulipita kwa baiskeli. Nimelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi na nimejifunza kwamba bega hupotea hatua kwa hatua, na kila hatua ina maelezo yanayosikika kuwa ya busara.

Hupotea kwanza kwenye makadirio. Gharama zikipanda, kitu cha kwanza kupunguzwa ni bega: la lami linageuzwa la changarawe, la mita moja na nusu linakuwa la mita moja. Hakuna gari litakalolalamika siku ya ufunguzi.

Hupotea pia kwa udongo. Sehemu kubwa ya tambarare za ziwa ni udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Bega la changarawe juu ya udongo huo husombwa na maji, ukingo wa lami hubaki unaning'inia, magurudumu ya lori huumega, na tunabaki na kizingiti. Dereva wa gari hakioni hata kidogo. Kwa mwenye baiskeli mambo ni tofauti kabisa. Akipigiwa honi hushuka. Akitaka kurudi, gurudumu la mbele huukwaruza ukingo kwa pembe ndogo na kukataa kupanda, na yeye huanguka upande wa kushoto kwenye changarawe, au upande wa kulia mbele ya gari linalomfuata. Wahandisi, naomba muelewe hapa. Mtu huyu ataandikwa kwenye ripoti kuwa "alipoteza mwelekeo".

Tena tunaliharibu bega tunapodhani tunatengeneza. Kila safari tunapotandika tabaka jipya la lami kwenye njia ya magari bila kuinua bega, kizingiti hukua kwa unene wa tabaka hilo. Barabara ikisifiwa kuwa imekarabatiwa, kwa baiskeli imekuwa mbaya kuliko jana.

Na palipobaki bega zima, tumelijaza. Vituo vya boda boda, vibanda, magari yaliyoegeshwa, mchanga wa ujenzi, nyavu za omena zinazoanikwa; huko Awendo na Rongo, miwa iliyodondoka kutoka kwenye trela. Simlaumu mwanamke anayeanika omena. Lami hukausha vizuri, na hakutengewa mahali pengine. Matuta nayo: yakifika hadi mtaroni, baiskeli haina pa kupita, yakikatizwa kabla ya bega, pikipiki zote huhamia kwenye bega kuyakwepa. Kwenye makalavati na madaraja madogo bega hukatika ghafla, na mwendesha baiskeli hulazimika kuingia njia ya magari pale ilipo nyembamba zaidi.

Sasa nije kwa mwenye bega. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilitupa mamlaka tatu za barabara: KeNHA, KeRRA na KURA. Katiba ya 2010 ikazipa kaunti barabara zao. Mgawanyo huo una sababu zake na siupingi. Lakini safari moja ya asubuhi yaweza kupita mikononi mwa ofisi tatu, na leseni ya kibanda kilicho begani hutolewa na ofisi ya nne. Niliwahi kupeleka picha za ukingo uliomeguka kwenye soko moja dogo. Ofisi ya kwanza ilisema pale ni pa wenzao. Wenzao wakasema ni hifadhi ya barabara, warudieni wale wa kwanza. Mvua za masika zikaja na kwenda, na picha zangu bado ziko kwenye majalada mawili.

Husemwa kwamba mwenye baiskeli halipi tozo ya mafuta, ile iliyopandishwa mwaka 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, basi asidai kitu. Hoja hii haisimami. Majaribio ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa barabara huongezeka karibu mara 16. Anayeimega barabara ni lori lililozidisha shehena. Baiskeli haiichakazi hata kidogo.

Husemwa pia kwamba waendesha baiskeli ni wachache. Watakuwaje wengi? Hesabu ya magari haiwahesabu waliokwisha kuogopa. Na bega si la baiskeli peke yake. Mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, ilirekodi vifo 4,748 barabarani nchini mwaka 2024, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la waenda kwa miguu. Hao nao hutembea palepale.

Mapendekezo

Najua maofisa walio humu hawapangi bajeti ya taifa, na nimejaribu kupendekeza yaliyo ndani ya uwezo wao.

Bega la lami la mita 1.5 liwe sharti katika kila ujenzi mpya kando ya ziwa, na lisiguswe wakati wa kupunguza gharama. Kama lazima kipunguzwe kitu, kipunguzwe kingine, na sababu iandikwe.

Hakuna tabaka jipya la lami kutandikwa bila kuinua bega siku hiyohiyo, na kazi hiyo iwe na mstari wake kwenye mkataba. Mkandarasi asilipwe awamu ya mwisho kabla kizingiti hakijapimwa.

Penye udongo mweusi, bega litengenezwe kwa msingi uleule wa njia ya magari.

Ukaguzi wa ukingo ufanyike kabla na baada ya kila msimu wa mvua, na mkaguzi apande baiskeli. Akiwa ndani ya gari hataona.

Kaunti zitenge mahali pa kuanika omena na vituo vya boda boda nje ya bega, kisha ndipo ziwaondoe watu. Zisianze na kuwaondoa.

Leseni ya kibanda isitolewe ndani ya hifadhi ya barabara. Bega ni sehemu ya hifadhi hiyo.

Mwendo katika masoko ya kando ya ziwa ushushwe hadi kilomita 30 kwa saa, kama Azimio la Stockholm la 2020 linavyotaka mahali magari yanapochangamana na watu. Matuta yaachiwe upenyo unaopitisha baiskeli na kuzuia pikipiki.

Mizani ya trela za miwa isimamiwe, na wasafirishaji wasafishe wanachodondosha.

Mabunge ya kaunti za Homa Bay na Migori yapitishe sera kama ile ya Nairobi ya mwaka 2015, iliyoelekeza asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa watembea kwa miguu na baiskeli.

Ofisi zote zinazohusika zitie sahihi ramani moja inayoonyesha, kutoka Katito hadi Muhuru Bay, nani mwenye bega katika kila kipande, na ibandikwe kwenye kila ofisi ya kata. Picha ikiletwa, anayeipokea aifikishe yeye mwenyewe kwa mwenye kipande.

Shule zenye timu za baiskeli zipewe barabara fupi zinazofungwa kwa magari asubuhi za Jumamosi. Walimu wafundishe taa na vizibao vinavyong'aa, ingawa taa haizibi kizingiti.

Narudia la bega kwa sababu ndilo litakalosahaulika jioni hii wakati maazimio yanapoandikwa. Ninawaomba waandishi wa maazimio waandike "mita 1.5 za lami" kwa tarakimu. Wasiandike "upana unaofaa".