KUJIKIMU BAADA YA KUPOTEZA KAZI GHAFLA: FUNZO KUTOKA KIBONDO NA KASULU



Mazungumzo haya yanamhusu mtu aliyeamka na kazi akalala bila kazi, kisha akaelezwa kwamba fao la upotevu wa ajira halimhusu. Mfano umechukuliwa Bara, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, kwenye Wilaya za Kibondo na Kasulu, kwa sababu huko msiba huu umetokea zaidi ya mara moja na umewakumba wengi kwa pamoja. Wakaazi wa Visiwani nao hawauoni ugeni. Mwaka 2020, maradhi ya UVIKO-19 yalipozuia wageni, wafanyakazi wengi wa hoteli za Unguja walirudishwa majumbani.

1. Chanzo cha tatizo

Kwa zaidi ya miaka 30 ajira nyingi za mshahara katika wilaya hizo, nje ya Serikali, zimetokana na kambi za wakimbizi. Warundi waliingia kwa wingi kuanzia mwaka 1993, Wakongo wakapokelewa Nyarugusu, Wilaya ya Kasulu, kuanzia mwaka 1996, na Warundi wakaja tena kuanzia mwaka 2015, wakapelekwa Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Mashirika ya misaada yaliajiri walinzi, madereva, wapishi, wauguzi, walimu, makarani wa ghala na vibarua wa kujenga vyoo na kuchimba visima. Nyumba zilipangishwa, na mama lishe wakapata wateja.

Ajira hizo zilikuwa na mwisho uliofichika. Kambi ya Mtabila, Kasulu, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Kambi ya Mtendeli, iliyopo Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo, ilifungwa mwaka 2021. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi nalo lilitangaza mwaka huo kupunguza nafasi za kazi zipatazo 3,500 duniani. Uamuzi uliotolewa mbali hufika Kibondo ukiwa barua ya ukurasa mmoja.

2. Nani hukosa fao

Kwa mujibu wa sheria za hifadhi ya jamii zilizorekebishwa mwaka 2018, mwanachama wa NSSF aliyepoteza kazi anaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi kwa muda wa miezi 6. Sharti mojawapo ni awe amechangia kwa miezi isiyopungua 18, na asiwe ameacha kazi kwa hiari yake.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mikataba mingi ya miradi ni ya miezi 6 au 12. Mtu aliyechangia miezi 16 hayumo katika malipo hayo ya kila mwezi, ingawa amebakisha miezi 2 tu. Kibarua wa siku ambaye hakuandikishwa hayumo. Aliyeshawishiwa kuandika barua ya kujiuzulu ili “mambo yaishe vizuri” amejitoa mwenyewe. Mama lishe aliyeishi kwa wateja wa kambini hakuwa na mwajiri kabisa. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini nao haukuwekwa kwa ajili ya mtu aliyeachishwa kazi jana. Kaya zake hutambuliwa kwa utaratibu maalumu kupitia mkutano wa kijiji.

Hata hivyo, kukosa fao la kila mwezi si kupoteza michango. Mwanachama afike ofisi ya NSSF akiwa na kitambulisho na barua ya kuachishwa, apate taarifa ya michango yake. Iwapo mwajiri alikata mshahara bila kuwasilisha makato, hapo ndipo itakapobainika. Aliyechangia chini ya miezi 18 aulize haki yake ya malipo ya mkupuo, na namna ya kuendelea kuchangia kwa hiari.

3. Haki iliyo kwa mwajiri

Kosa kubwa ni kudhani kwamba asiye na fao hana haki yoyote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi notisi ya siku zisizopungua 28 baada ya mwezi wa kwanza wa kazi, au malipo badala yake. Aidha, aliyetumikia miezi 12 au zaidi mfululizo na kupunguzwa kazini anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10. Yapo pia malipo ya siku alizofanya kazi na ya likizo ambayo hakuchukua, na hati ya utumishi, ambayo ndiyo itakayomwombea kazi kwingine. Kwa upande wa Zanzibar, mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, na mhusika aulize Kamisheni ya Kazi.

Asiyeridhika na sababu au utaratibu wa kuachishwa afungue shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Siku hizo hupita upesi kwa mtu anayesubiri ahadi ya kuitwa tena mradi utakapofufuka. Asubiri huku madai yake yamekwisha kuandikishwa.

4. Kuzigawa fedha za mwisho

Uchukuliwe mfano wa karani wa ghala mwenye mshahara wa shilingi 390,000, aliyefanya kazi mwaka 1 na miezi 4, na kuachishwa mwisho wa Machi bila notisi. Kwa hesabu ya shilingi 15,000 kwa siku ya kazi, malipo ya notisi ya wiki 4 ni shilingi 360,000, kiinua mgongo cha mwaka mmoja ni shilingi 105,000, na likizo ya wiki 2 iliyobaki ni shilingi 180,000. Jumla ni shilingi 645,000.

Akiendelea kutumia kama alivyozoea, fedha hizo hazitamaliza miezi miwili. Naye yuko Kasulu, ambako mvua za kupandia huanza Oktoba au Novemba. Kuanzia Aprili hadi Oktoba ni miezi 7. Akitenga shilingi 210,000 za mbegu, mbolea na kukodi shamba, na shilingi 85,000 za matibabu na mahitaji ya shule, hubaki shilingi 350,000, yaani shilingi 50,000 kwa kila mwezi.

Kiasi hicho hakitoshi kulisha kaya, na ni heri kulijua hilo mwezi wa Aprili kuliko kuligundua mwezi wa Juni. Pengo litazibwa kwa kibarua cha kuvuna, bustani ya mboga bondeni wakati wa kiangazi, au biashara ndogo iliyokwisha kujaribiwa na wengine. Mkulima wa nyanda hizo hula kwa msimu. Aliyezoea mshahara hula kwa mwezi. Anayetoka katika mshahara lazima arudi kwenye hesabu ya msimu mara moja. Mahindi yatakayopandwa Novemba hayatakuwa chakula kabla ya mwaka kugeuka, hivyo maharage yanayokomaa upesi na mihogo inayosubiri ardhini visikosekane.

Fedha ya mbegu isiguswe. Waliokula mbegu wameingia msimu uliofuata wakiwa vibarua katika mashamba ya wenzao.

5. Madeni

Mwenye mkopo wa benki uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara aende benki kabla ya tarehe ya rejesho kupita, aombe kupangiwa upya, na aulize kama mkopo huo ulikuwa na bima ya upotevu wa kazi. Kunyamaza huongeza riba.

Wananchi wajihadhari na mikopo ya mitaani iitwayo “kausha damu”, ambayo huacha kitanda na cherehani mikononi mwa mkopeshaji. Kwa mahitaji madogo, kikundi cha VICOBA au SACCOS ambacho mtu alikuwa mwanachama akiwa bado kazini ni kimbilio bora. Ipo pia mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mkopo huo ni wa kazi yenye kuzalisha, nao hupitia kwenye kikundi kilichosajiliwa. Anayeukopa ili anunue unga ataulipa bila kuwa na chanzo cha kulipia.

6. Nyumbani na jirani

Mwenye kaya amweleze mwenzake siku ile ile. Wapo wanaovaa na kutoka kila asubuhi kwa wiki kadhaa wakiogopa aibu, na wakati huo nyumba huendelea kutumia mshahara usiokuwepo. Watoto wakubwa nao waelezwe kwa kiasi chao. Mchango wa kufa na kuzikana usikatwe, hata ukipunguzwa kwa makubaliano, kwa kuwa huo ndio bima pekee isiyouliza miezi 18. Kadi ya matibabu iliyotokana na kazi hukoma pamoja na kazi. Mpango mwingine wa bima ya afya utafutwe kabla mtoto hajaugua.

7. Wajibu wa viongozi na waajiri

Mwajiri anayejua kwamba mradi unakwisha awashirikishe wafanyakazi mapema, kama sheria ya mwaka 2004 inavyomtaka anapokusudia kupunguza watu. Maafisa wa kata na vijiji wawaelekeze wananchi mahali pa madai badala ya kuwaambia wamwachie Mungu. Walio kazini leo watunze nakala ya mkataba na hati za mshahara nyumbani, wahakiki michango yao kila baada ya miezi mitatu, na wasiuze shamba kwa kutegemea mshahara wa mkataba.

Akiba haiozi. Kwa wakaazi wa Kibondo na Kasulu, akiba hiyo ni ekari moja iliyolimwa, jina lililo hai katika kikundi, na karatasi zilizotunzwa sandukuni. Asiye na fao la Serikali atavuka kwa hayo matatu, ilimradi aanze kuyashughulikia ndani ya siku 30 za kwanza.