Peremende za Usiku wa Halloween

Mzazi mwenzangu uliyeko Marekani, jioni ya tarehe 31 Oktoba mwanao atapita nyumba kwa nyumba akiomba peremende. Wengi wetu tunaogopa sumu. Mtafiti Joel Best amefuatilia habari za peremende zenye sumu kwa miaka mingi, wala hajathibitisha kisa cha mtoto aliyeuawa na peremende ya mtu asiyemjua. Mtoto mmoja aliyekufa hivyo huko Texas, mwaka 1974, alitiliwa sumu kwenye peremende na baba yake mzazi. Hatari kubwa usiku ule ni magari. Mvishe nguo inayoonekana gizani, mpe tochi, na asiingie ndani ya nyumba ya mtu. Mkirudi, kagua mfuko: peremende ngumu na karanga humkwama kooni mtoto mdogo. Tafadhali, fuatana naye.